Mwalimu wa Chiriku

Mwanamke anayekwenda kutambulishwa kwao mwanamume huwa hakosi walimu. Mtafiti mmoja, dada zake walikuwa wamemfunda wiki nzima: usicheke sana, usinyamaze sana, usile kama uliyetoka kufunga, wala usikatae sahani ukaonekana unaringa. Yote yaliingia sikio hili yakatokea sikio lile. Alikwisha kusimama mbele ya maprofesa wanaokunja nyuso, akaitetea kazi yake mpaka maswali yakawaishia. Mama mmoja, tena mama aliyemzaa mwanamume anayempenda, angemtisha kwa lipi?

"Mama yangu si mkali," mwanamume huyo, fundi wa miwani, alimwambia walipofika getini. "Ila ukimdanganya anajua."

"Vizuri. Mimi sidanganyi."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema fundi, akamtazama.

Alikuwa na namna yake ya kutazama, na si ajabu, maana macho ya watu ndiyo kazi yake. Mtafiti aliingia dukani kwake mara ya kwanza akiwa na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umetafunwa. "Umefuga mbwa, dada?" fundi aliuliza. "Hapana. Nina rafiki wa miaka mitatu, meno yanamwasha," alijibiwa. Basi akamkalisha kitini, akachukua rula yake ndogo, akamwambia amtazame moja kwa moja ili apime nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho. Akapima, akaandika. Akapima tena. Alipoinua rula mara ya tatu, mtafiti alimuuliza, "Fundi, macho yangu yamehama?"

"Hayajahama, dada. Namba ndiyo imenitoka kichwani."

Namba ilimtoka, moyo nao ukamtoka, na tangu siku hiyo haukurudi mahali pake. Ulikuwa sasa karibu mwaka mzima.

Fundi alijua mpenzi wake anafanya kazi gani. Mtafiti alikuwa kwenye utafiti wa watoto wanaochelewa kuongea, kucheza na kuelewana na wenzao, na kazi yake hasa ilikuwa kuwafundisha wazazi namna ya kucheza na watoto hao. Lakini kituoni kwao kulikuwa na mwiko: habari za mtoto haziruki kizingiti. Hakuwahi kumtajia fundi jina la mtoto hata mmoja. Fundi naye aliwahi kumwambia kwamba mpwa wake, mtoto wa dada yake anayefanya kazi mji mwingine, amechelewa kuongea, na kwamba mama yake anampeleka kwenye kituo fulani. Vituo vilikuwa vingi. Swali la kituo gani lilimfika mtafiti ncha ya ulimi, akalimeza, kwa sababu alijua akiuliza atajibiwa, na akijibiwa huenda asipendezwe na jibu. Tuseme ukweli, hapo alijifanya mwerevu kupita kiasi.

Aliyewafungulia mlango alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba yake fundi, mwanamke mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili.

"Karibu, karibu! Mgeni njoo mwenyeji apone! Hebu simama hapo kwenye mwanga nikuone." Alimzunguka kama mtu anayekagua kabati dukani. "Mh! Fundi, kumbe na wewe unaona."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Tuliambiwa umesoma sana. Nikasema, msomi gani huyo atamkubali mwanamume anayeshinda kutwa akichungulia watu machoni?"

"Ndivyo alivyonipata, shangazi. Alichungulia akasahau kutoka."

Shangazi aliangua kicheko, akampiga fundi kofi la bega, na mtafiti akajua amekwisha kumpata mmoja. Akakaa. Akaweka mkoba wake, uleule wa kazini, chini kando ya miguu, akaanza kuangalia sebule aliyokuwa akiisikia kwa maneno tu.

Ilikuwa sebule safi yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Pembe za meza zilikuwa zimezungushiwa vipande vya sponji na kufungwa kwa utepe, kama wanavyofanya watu wenye mtoto asiyetazama anakokwenda. Hilo lilimpendeza. Kisha akaona ukutani, usawa wa mtoto mdogo, picha zilizobandikwa kwa gundi: kiatu, mlango, kikombe. Kikombe kilikuwa na mkono mkubwa kuliko kikombe chenyewe.

Mtafiti alikijua kikombe kile. Alikichora mwenyewe, na wenzake kazini walimcheka.

Kabla hajapata la kusema, mtoto wa kike wa miaka minne alitokea koridoni akitembea kwa ncha za vidole. Hakumtazama shangazi, hakumtazama mjomba wake, wala hakutazama kama kuna mgeni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mkoba, akavuta zipu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na chupa ndogo ya mapovu ya kupuliza.

"We mtoto! Mkoba wa mgeni huo!" Shangazi aliruka.

"Mwache, shangazi." Mtafiti alikuwa tayari amepiga magoti kwenye zulia. Hata hakukumbuka kupiga magoti, miguu ilikwenda yenyewe kwa mazoea ya kazi. "Chiriku," aliita taratibu.

Mtoto akamwekea chupa kiganjani, akainua uso na kumtazama.

"Mimi sijawahi kukutajia jina lake," fundi alisema. "Umelijuaje?"

Jibu lilitoka mlango wa jikoni. Mama yake fundi alikuwa amesimama pale na sinia la glasi.

"Mwalimu?" alisema. "Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

Kituoni mama huyo hakuwa na jina jingine zaidi ya Bibi, bibi yake Chiriku, na katika wazazi wote waliopita mikononi mwa mtafiti hakuna ambaye yeye alimpenda kama huyu. Alikuwa akija kabla ya saa, akiuliza maswali ambayo hata mkuu wa utafiti hakuyafikiria, na akikosea alijicheka mwenyewe kwa sauti. Sasa hakuwa akicheka.

Shangazi hakuwa na habari. "Mnajuana? Huyu ndiye yule Mwalimu tunayeimbiwa humu ndani asubuhi na jioni? Yule wa mapovu? Ee Mungu, ukitoa unatoa kwa ndoo!" Akapiga kigelegele mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. "Mwalimu ndiye mkwe! Tumetafuta mmoja tumepata wawili!"

"Wifi," mama yake fundi alisema, akiweka sinia mezani polepole, "nyamaza kidogo." Kisha akamgeukia mgeni. "Mwalimu, njoo jikoni."

Jikoni kulikuwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na dirisha moja lililotazama ua. Bibi alipunguza moto, akafuta mikono, akafuta tena ingawa ilikuwa imekauka.

"Ile karatasi ya masharti uliyonisomea siku ya kwanza," alianza. "Ilisemaje juu ya undugu?"

"Ilisema mwenye undugu au uchumba na familia ya mtoto hatamfundisha mtoto huyo wala kumpima."

"Nikakuuliza kwa nini."

"Uliuliza mara mbili, Bibi."

"Ukaniambia jicho la mapenzi halipimi sawasawa. Nikakuona mtu mwenye akili sana." Alitikisa kichwa. "Sasa nisikilize, mwanangu. Nakupenda. Nakupenda kuliko ninavyowapenda watu wengine wa ukoo huu, na hilo shangazi mtu asilisikie. Ndiyo maana sikutaki."

Mtafiti alidhani hakusikia vizuri. "Hunitaki?"

"Humu ndani, sikutaki. Nakutaka kulekule kituoni. Mwanangu ana sura, ana duka, ana adabu. Wanawake wako wengi, atapata. Mjukuu wangu Mwalimu atampata wapi?"

Mtafiti alikuwa amejiandaa kwa kila kipingamizi. Alijiandaa kuambiwa ni mrefu, ni msomi, ni mjeuri. Hakujiandaa kukataliwa na mtu anayemlilia asiondoke.

"Bibi..."

"Usinikatize, nikinyamaza nitalia na sitaki kulia kwenye mboga. Unajua kwa nini anaitwa Chiriku? Alipokuwa mchanga alikuwa habwabwaji, anahubiri! Kutwa nzima. Mama yake akamwita Chiriku. Kisha sauti ikapungua, ikapungua, mpaka siku moja nyumba ikawa kimya. Nimebisha kila mlango. Wa kwanza aliniambia mtoto ana kiburi. Wa pili akasema ni kwa sababu mama yake kamwacha akaenda kazini. Wa tatu akaniambia niende nyumbani, ataongea akipenda. Wote waliniuliza ana nini. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza anapenda nini." Alijipangusa jicho kwa nyuma ya mkono. "Wiki iliyopita amesema neno. Mbele yako. Halafu leo unaniletea habari za uchumba!"

"Mama!" Fundi alikuwa mlangoni. Ni wazi alikuwa amesimama pale muda wa kutosha. "Mama, unamfukuza mgeni wangu?"

"Namfukuzaje? Namng'ang'ania!"

Fundi aliwatazama wote wawili, akashusha sauti. "Hili halina haja ya makelele. Mafunzo ya mtoto yamebaki miezi michache tu, si ndiyo? Basi tunyamaze. Yeye aendelee kumfundisha, mimi na yeye tukae kama hatujuani. Yakiisha, tunajitokeza. Nani atajua?"

Uso wa mama yake ulichangamka. "Hilo sasa ni neno la mtu mzima."

Wakamgeukia mtafiti kwa pamoja, mama na mwana, kwa macho yaleyale mapana yanayofanana kama yametoka kiwanda kimoja. Haikuwa rahisi kuyakatalia macho yale. Aliyakatalia.

"Hapana," alisema. "Kwanza, mapenzi ni kikohozi, na shangazi ameshakohoa mtaa mzima umesikia. Pili, Chiriku hayuko peke yake. Ziko familia nyingi zinangoja tujue kama njia hii inafaa, ili kila kituo kiifundishe bure. Nikidanganya kwa mtoto mmoja, kuna mtu atakayeniamini kwa wale wengine? Watatupa kazi yote, na watakuwa na haki."

"Mpenzi, ni miezi michache."

"Na tatu." Sauti yake haikupanda, ilizidi kutulia, na fundi aliyemjua akajua mambo yamekuwa mambo. "Kila siku nakaa na wazazi ninawaambia, msimfiche mtoto. Mtoeni nje, mpelekeni kwenye sherehe, watu wamwone. Halafu mimi mwenyewe nikajifiche chooni mpenzi wangu akipita?"

Fundi alikunja uso. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakiumia husema vibaya. "Kwa hiyo kati yangu na karatasi, umechagua karatasi."



Mtafiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha. "Fundi, unawatengenezea watu vioo vya kuona mbali. Mbona wewe hata karibu huoni? Mimi sijachagua kitu. Tangu niingie jikoni humu mmekwisha kunigawana. Mama ananitaka kituoni, wewe unanitaka mafichoni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka kuwa wapi."

Fundi masikio yalimwiva. "Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Unataka kuwa wapi?"

"Hapa. Mchana. Watu wakiniona."

Alisema vile bila kupepesa, akimtazama yeye, na lau si mama mtu kusimama kati yao na mwiko mkononi, fundi angemkumbatia palepale. Alibaki amemkodolea macho, na mtafiti, pamoja na ujasiri wake wote, ikambidi atazame dirishani kidogo.

"Na mtoto?" Bibi aliuliza. Sasa ukali ulikuwa umemwisha. Alikuwa akiogopa, na hakuona haya kuonekana anaogopa. "Mwalimu, niambie kweli. Na mtoto?"

"Twende sebuleni, Bibi."

Chiriku alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia, akiviringisha kifuniko cha sufuria mbele ya jicho lake moja. Mtafiti alimpa Bibi ile chupa ya mapovu aliyokuwa bado ameishika, kisha akaenda kuketi kwenye kochi la mbali na kuinamisha uso.

"Mimi sipo," alisema. "Cheza naye."

"Nicheze naye? Mbele za watu?"

"Sisi tunatazama magoti yetu. Shangazi, tazama magoti yako."

"Nayatazama," alisema shangazi, ambaye hakuwa akiyatazama.

Mtoto alipoiona chupa aliinuka, akaenda mbio. Hakwenda kwa Bibi. Alikwenda kwa mtafiti, akamshika sketi, akavuta. Mtafiti hakuinua kichwa. Mtoto akavuta tena, akatoa mlio mwembamba wa kulalamika, akaweka paji la uso wake kwenye goti la mwalimu wake na kuligonga taratibu. Hapo mtafiti aliuma mdomo. Kitu kimoja tu alikitaka wakati ule duniani, nacho ni kuinama amshike kidevu na kumwita jina. Machozi yalimdondoka mawili kwenye sketi. Hakuinama.

"Mwalimu, muonee huruma," Bibi alinong'ona.

"Muonee wewe, Bibi. Unajua namna."

Bibi alishusha pumzi. Kisha, polepole, kwa magoti yanayouma na yanayolia, alishuka mpaka chini kwenye zulia, akajilaza ubavu ili uso wake uwe usawa wa uso wa mtoto. Akapuliza. Mapovu manne, matano, yakapita kando ya sikio la Chiriku, moja likapasukia nyweleni. Mtoto akageuka. Bibi akafunga kifuniko, akashika chupa karibu na shavu lake mwenyewe, akatulia.

"Mpe basi mtoto!" shangazi alishindwa kuvumilia.

"Nyamaza, wifi. Namngoja."

Wakangoja. Nje gari lilipita, mtu akapiga honi, mlango wa jirani ukafungwa. Fundi alikuwa ameshika fremu ya mlango kana kwamba itaanguka akiiachia. Chiriku alitazama chupa. Akatazama mkono ulioshika chupa. Macho yake yakapanda kutoka mkononi mpaka usoni kwa bibi yake, yakakaa hapo.

"Tena," alisema.

Lilikuwa neno kavu, dogo, lililotoka kama lililokwama mahali. Bibi akapuliza mara moja, hakuchelewa, mapovu yakajaa baina yao. Akafunga. Akangoja. "Tena," mtoto akasema, safari hii akicheka, na shangazi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, jambo ambalo familia ile haijawahi kuliona.

Bibi alijiinua akaketi. Alionekana kama mtu aliyeokota kitu chake ambacho hakujua kimepotea.

"Nilidhani ni wewe," alimwambia mtafiti. "Siku zote nilidhani ni wewe unayemfanya aseme."

"Mimi nakuwa naye muda mfupi tu kila wiki, Bibi. Siku zote nyingine ni wewe. Mimi sikumfundisha Chiriku. Nilikufundisha wewe. Utafiti wetu wote unauliza hilo tu: mlezi akifundishwa, mtoto atanufaika?"

"Na jibu ni lipi?" aliuliza fundi.

"Jibu rasmi bado halijatoka."

"Na lisilo rasmi?" shangazi alidakia.

"Limekaa hapo kwenye zulia, shangazi."

Walicheka, hata Bibi, lakini Bibi aliacha kucheka mapema. Alimvuta mjukuu mapajani. "Akihamishiwa kwa mwingine, huyo mwingine ana subira?"

"Kuliko mimi."

"Ukimkatiza anakasirika?"

"Atakushukuru, halafu ataandika ulichosema."

Bibi alichezea nywele za mtoto tu. Mtafiti alitoa simu yake mkobani.

"Unampigia nani?" Bibi alishtuka. "Mimi sijakubali jambo lolote."

"Najua, Mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na wote wawili walilisikia. "Wala sikulazimishi. Masharti yanataka nimwarifu mkuu wangu siku ileile ninapojua. Nimejua leo."

"Na nikikukataa?"

"Nitakuwa nimemkosa mtoto na nimemkosa mwanao."

"Basi unapiga ya nini? Ngoja kwanza ujue unabaki na kipi!"

"Siwezi kungoja nione faida iko wapi ndipo niseme kweli," alisema mtafiti. "Hiyo haitakuwa kweli, itakuwa biashara."

Akabonyeza. Akaweka sauti ya simu wote wasikie, kwa kuwa hakutaka lisemwe neno ambalo mwenye nyumba hakulisikia. Mkuu wa utafiti alipokea akisikika ana chakula mdomoni.

"Jumapili hii? Kuna nini?"

"Mkuu, nina taarifa. Yule mtoto tunayemwita Chiriku, naomba nimkabidhi kwa mwenzangu kuanzia leo. Nimegundua nina uhusiano na familia yake."

"Uhusiano gani?"

Swali rahisi. Mtafiti aliinua macho, akakutana na macho ya fundi. Mwaka mzima wamependana, wamepelekana, wamesindikizana, lakini lile neno lenyewe fundi hakuwahi kulisema, na leo alikuwa amemleta nyumbani kama mgeni. Asingeweza kumsemea.

"Uko hapo? Nahitaji kujua. Ndugu? Rafiki?"

"Mchumba," fundi alisema, akavuka sebule kwa hatua ndefu mpaka mbele yake. Alipiga goti palepale zuliani, akiwa karibu kuiangusha chupa ya mapovu. "Mchumba wangu. Kama atanikubali. Sikulisema zamani kwa sababu nilitaka nimalize kwanza kupanga maneno mazuri, na mpaka leo sijayapata. Nakupenda. Sitakuficha. Nikubali."

"Nani huyo?" simu iliuliza.

"Ni mtu ananichumbia, mkuu."

"Kwenye simu yangu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Umemkubali?"

Mtafiti alimtazama mwanamume aliyepiga goti mbele yake, mwenye masikio mekundu na macho yasiyojua kujificha. "Nimemkubali," alisema, na sauti yake, iliyowashinda maprofesa, ikatetemeka vizuri.

"Hongera basi. Lakini nisikilize." Mkuu alikuwa ameacha kutafuna. "Mtoto nikishamhamisha simrudishi. Hatuwezi kumchezesha huku na huku. Isije ikawa wiki ijayo mmegombana, au wazee wamekataa, ukaja kunililia unamtaka. Hili jambo ni la hakika? Familia imeridhia?"

Fundi alimgeukia mama yake. Shangazi alimgeukia wifi yake, mikono bado mdomoni. Hata Chiriku, kwa sababu zake mwenyewe, aliinua uso akamtazama bibi yake.

Bibi alinyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo simu."

Alipewa. Akaisogeza karibu na mdomo, akapaza sauti kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Halo! Mimi ndiye bibi yake mtoto. Mhamishe mjukuu wangu, nimekubali, ila huyo mpya asichelewe kazini, mimi sichelewi. Na huyu wa kwanza msimngojee. Andika kwamba ni mkwe wangu."

"Samahani, Bibi, nahitaji kuweka tarehe. Mkwe tangu lini?"

"Tangu sasa hivi," alisema Bibi, "na ukate simu, chakula kinapoa."